Kasiksi na Kanyanga si Ndugu

Siku hizi hapa kwetu Kanyaruchinya, na katika vijiji vingine vya kaskazini ya Goma, imezuka desturi ya kumhukumu Mkristu kwa kunusa pumzi yake. Mtu akionekana Dominika jioni ameketi mbele ya nyumba ya pombe, kibuyu mkononi, mara jina lake latajwa katika mkutano wa shirika. Fulani ni mlevi! Fulani asiwe msimamizi wa ubatizo! Fulani asisome tena somo kanisani! Hakuna anayeuliza alikunywa kinywaji gani, wala kwa kadiri gani, wala kama alirudi nyumbani na akili zake na fedha ya watoto wake. Kwa mahakimu hawa kila kilichochachuka ni mali ya shetani, na kesi imekwisha.

Sisi twakataa. Hatukatai kwa kupenda ulevi. Sisi makatekista ndio tunaoitwa usiku mume anapompiga mke wake, na twaijua harufu ya nyumba ile. Twakataa kwa sababu fundisho hilo si la Kanisa, na tena kwa sababu lamwacha adui wa kweli apite bila kuguswa. Neno letu ni hili: kibuyu cha kasiksi kinachonywewa mbele ya watu, kwa kiasi, na mtu aliyekwisha kutimiza wajibu wake, si dhambi. Kanyanga inayonywewa gizani ndiyo inayotuua. Na yeyote anayezitia hizi mbili katika kapu moja anaisaidia kanyanga.

KASIKSI NI NINI?

Vijana wa mjini labda hawajaona jinsi inavyotengenezwa, basi tueleze. Huchukuliwa ndizi za pombe zilizokomaa lakini zingali mbichi, hufukiwa katika shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya mgomba, nazo huachwa siku chache mpaka ziive. Kisha humenywa, hutiwa katika chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, hukandwa kwa nguvu pamoja na majani makavu mpaka zitoe maji yake. Maji hayo matamu huchujwa, huongezwa maji ya kawaida, na hata mtoto aweza kuyanywa bila kulewa. Baadaye hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, chombo hufunikwa na kuwekwa mahali penye joto, na baada ya siku mbili tatu kinywaji ni tayari. Ndicho kiitwacho kasiksi huku Kivu, na urwagwa kwa wasemao Kinyarwanda. Nguvu yake haiko mbali na ile ya bia ya chupa, ingawa ile isiyoongezwa maji huizidi.

Angalieni jambo moja. Kasiksi haikai. Baada ya siku chache yaanza kuwa chachu, haifai tena. Kwa hiyo ni vigumu mtu mmoja aifiche chini ya kitanda na kuinywa peke yake mwezi mzima. Ikiiva, majirani huitwa. Ndiyo maana tangu zamani wazee wetu waliinywa kwenye posa, kwenye arusi, kwenye kazi ya kulima pamoja, na kwenye kumaliza matanga. Mwenye kibuyu huonja kwanza mwenyewe, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Halafu humkabidhi mgeni. Je, desturi hiyo ni ya kipagani? Kwetu sisi yaonyesha kwamba kinywaji kile kimefungwa na amani ya watu.

Sasa mfikirieni mtu atokaye mjini kwa miguu Dominika baada ya Misa, akafuata barabara ya Rutshuru kwenda kumwamkia mama mkwe wake. Njia yapanda polepole. Huku na huku ni makoro meusi, mawe ya moto uliopoa, na kati ya makoro maharagwe na mihogo ya watu wasiokata tamaa. Mbele yake amesimama Nyiragongo, mlima wa metri 3,470, na moshi wake kichwani. Vijana wateremka na chukudu zilizojaa makaa na viazi, wakipiga kelele watu wawapishe. Hakuna mto wala kijito mahali hapo, maana ardhi ya makoro hunywa mvua yote. Mtu hufika Kanyaruchinya koo limekauka na vumbi jeusi limejaa viatuni. Aketi kwenye ubao mbele ya nyumba, apewe kibuyu na mrija wake. Kando yake mzee mmoja aeleza habari za mvua, mwingine bei ya maharagwe, mwingine ataja mtoto wa jirani aliyefaulu mtihani wa Serikali, mwingine ataja aliyefiwa, na papo hapo wapatana siku ya kwenda kumpa pole. Baada ya saa moja msafiri ashukuru, alipe, ashike njia yake. Niambieni, ndugu, shetani alikuwa ameketi wapi katika mkutano ule?

Tena mtazameni mama aliyekiuza kibuyu. Twamfahamu mjane mmoja, jina lake hatutalitaja. Watoto wake wanne husoma kwa kasiksi. Ndizi zake huzinunua kwa wakulima wa Masisi na Rutshuru, na wakulima hao nao wameteseka kwa mnyauko wa migomba ulioonekana Masisi tangu mwaka 2001, na kwa vita vinavyofunga njia. Msukuma chukudu apata chakula chake, mchonga vyombo apata chake, na fedha yote yazunguka kwetu. Mama huyu aliambiwa katika shirika lake achague: ama aache chungu chake, ama aache kukaribia Meza ya Bwana. Alilia. Na baadhi ya waliomwambia hivyo, wiki ile ile, walikuwa na makasha ya Primus katika sikukuu ya Komunyo ya kwanza ya watoto wao!

Primus ni bia iliyotengenezwa katika Kongo tangu mwaka 1926, nasi hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni na mizani mbili. Chupa ina karatasi nzuri, basi ni heshima. Kibuyu hakina karatasi, basi ni dhambi. Dhambi gani hiyo inayojulikana kwa bei na kwa karatasi? Tukiwa wakweli, hiyo ni dharau ya mwenye fedha kwa kinywaji cha maskini, nayo imevikwa kanzu ya utakatifu.

KANISA LASEMAJE?

Ndugu hawa hupenda kusema, "Biblia imekataza." Tuifungue basi. Injili ya Yoane, sura ya pili, yatuambia kwamba katika arusi ya Kana divai iliisha, na Bwana wetu akayageuza maji ya mitungi sita ya mawe kuwa divai. Wenye kuzifahamu kadiri za zamani husema mitungi ile ilichukua zaidi ya lita 400. Hiyo ilikuwa ishara yake ya kwanza, na aliyeiomba ni Mama Maria. Paulo alimshauri Timoteo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na Yoshua bin Sira, katika kitabu chake sura ya 31, afundisha kwamba divai humfaa mtu kama uzima akiinywa kwa kiasi, na mara hiyo hiyo aonya kwamba ikizidi yaleta uchungu na ugomvi. Maneno yote mawili yamo katika sura moja. Wapinzani wetu walisoma la pili, wakafunga kitabu.

Kosa hili si jipya. Katika karne za kwanza walikuwako watu waliodhani divai ni kitu kiovu. Wengine walifika hata kutia maji matupu katika kalisi ya Misa. Mtakatifu Sipriani, askofu wa Kartago, Mwafrika kama sisi, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, aliandika barua ndefu kuwakosoa waliotoa maji peke yake pasipo divai. Baadaye Wamanikeo walifundisha kwamba divai yatoka kwa mfalme wa giza. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwingine, aliwafuata miaka kama tisa katika ujana wake, kisha akawaacha na kuwapinga kwa nguvu. Kanisa lilishika imani yake: kila kitu alichokiumba Mungu ni chema, ubaya watoka katika moyo wa mtu anayekitumia vibaya.

Mtakatifu Benedikto, baba wa watawa, aliandika katika sheria yake, sura ya 40, kipimo cha divai ambacho mtawa aweza kupewa kila siku, akaongeza kwamba aliyepewa na Mungu nguvu za kujinyima atapata thawabu yake. Kitabu cha zamani cha ibada ya Roma kina baraka maalum kwa ajili ya bia. Na katika Ubelgiji, nchi iliyotuletea wamisionari wengi, watawa wa Westmalle, Chimay na Orval wamejulikana duniani kwa bia zao. Wale wa Westmalle walianza mwaka 1836. Je, bia ya mtawa wa Ubelgiji ni baraka, na kasiksi ya mjane wa Kanyaruchinya ni laana?

Lakini wale wanaojifurahisha kwa maneno haya wasikilize na upande wa pili. Paulo huyo huyo aliwaambia Wakorinto kwamba walevi hawataurithi ufalme wa Mungu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba kunywa divai peke yake si haramu, lakini mtu anayejua kinywaji kina nguvu na kwa hiari yake akajipokonya akili, huyo afanya dhambi ya mauti. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2290, yakataza kila namna ya kupita kiasi, na yawatia hatiani hasa wale wanaohatarisha maisha ya wengine barabarani kwa ulevi. Waendesha pikipiki wetu, mmesikia? Mpaka umewekwa, na haukuwekwa na sisi.

ADUI NI NANI?

Adui ni kanyanga, na ndugu zake wote wa namna hiyo. Hupikwa katika pipa, moshi wake hupitishwa katika mrija na kupozwa, na kinachodondoka ni moto wa kunywa. Kikombe kidogo kimoja chatosha kumfanya kijana asimjue mama yake. Haiharibiki, yafichika mfukoni, yapita katika chupa ndogo za plastiki, yanywewa asubuhi kabla ya chai. Hakuna mzee wa kuonja kwanza, hakuna habari za mvua, hakuna pole kwa mfiwa. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kasiksi hukaa mahali pake, mnywaji huifuata. Kanyanga yamfuata mtu hata mlangoni.

Kuna na hatari nyingine. Katika pombe kali za maficho huingizwa sumu ya viwandani, ama kwa ujinga ama kwa tamaa ya faida, na sumu hiyo hupofusha macho na kuua. Jirani zetu wa Kenya wanajua. Mwaka 1980 nchi yao ilitunga sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Je, ilikwisha? Iliingia vichochoroni. Mwezi wa Novemba 2000, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya sumu, na wengine wakapofuka. Mwaka 2010 sheria ile ya 1980 ikafutwa, ikatungwa nyingine ya kuviweka vinywaji hivyo chini ya masharti. Hatusemi masharti yalimaliza ubaya wote. Vifo vingine vilitokea baadaye. Twasema kwamba katazo lisilotofautisha kitu na kitu halikumwokoa mtu.

Tazameni tena mahali tunapoishi. Mwaka 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulimwaga moto wake juu ya nyumba za watu. Mwaka 2012 maelfu walikimbilia Kanyaruchinya kwa sababu ya vita, na tangu 2022 wakaja tena kwa maelfu mengi, wakalala katika vibanda vya plastiki juu ya makoro, mpaka kambi zile zilipobomolewa mwanzoni mwa mwaka 2025. Katika kambi tuliona wanaume waliokuwa wakulima hodari wakikaa tangu asubuhi hadi jioni mikono mitupu, na kanyanga ikapita katikati ya vibanda. Mtu aliyepoteza shamba, ng'ombe na mtoto atatafuta tu faraja. Tomaso wa Akwino aliyahesabu mambo yanayopunguza huzuni: machozi, usingizi, kuoga, huruma ya rafiki, na kutafakari ukweli. Huruma ya rafiki! Je, tutampa mtu yule ubao wa kukaa na wenzake mchana, au tutamfukuza kwenye ubao na kumwacha peke yake na chupa ndogo usiku?

WAPINZANI WASEMA

Wa kwanza wasema: "Kasiksi ndiyo mlango wa kanyanga." Kwa baadhi ya watu ni kweli, nasi hatukatai. Aliyekwisha kushikwa na pombe asiguse hata tone, wala kibuyu wala chupa. Matt Talbot, mfanyakazi maskini wa Dublin, alikuwa mlevi tangu utoto wake. Mwaka 1884 aliapa kuacha, hakurudi nyuma mpaka alipokufa mwaka 1925, na mwaka 1975 Kanisa likamtangaza kuwa Mheshimiwa. Tunamsifu kila mtu afuataye njia hiyo. Lakini dawa ya mgonjwa hatuwalazimishi wazima wote kuinywa.

Wa pili wasema: "Paulo aliwaandikia Waroma kwamba ni vema kutokunywa divai ikiwa yamkwaza ndugu." Ni neno kubwa, na laituhusu sana. Basi ukiwa na rafiki anayepigana na ulevi, usimwite penye kibuyu, wala usinywe mbele yake. Kunywa maji pamoja naye. Hilo ni upendo. Lakini Paulo katika sura ile ile awaonya pia wale wasiokula wasimhukumu anayekula. Mbona nusu hiyo haihubiriwi?

Wa tatu wasema: "Hata hivyo asiyekunywa ni bora." Twajibu: kujinyima kwa ajili ya Mungu ni sadaka nzuri. Chama cha Pioneer, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898 na Padri James Cullen, Myezuiti, huwafundisha watu wake kuacha pombe yote kwa heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yezu na kuwaombea walevi. Lakini mtu humtolea Mungu kitu chema. Nani alimpelekea Bwana sadaka ya kitu kiovu? Anayeacha kasiksi kwa sadaka akiri kwamba ni njema, anyamaze, aombe. Akianza kujitukuza na kumdharau anayekunywa, amefanana na Farisayo hekaluni, na sadaka yake imeharibika kuliko kasiksi ya wiki mbili.

KANUNI ZETU

Kwa kuwa haifai kupinga tu bila kujenga, twaweka hapa mambo matano, kila shirika liyafikiri.

Kwanza: chakula, karo na dawa kabla ya kibuyu. Baba anayekunywa fedha ya unga ameiba, hata kama kichwa chake hakikulewa.

Pili: mchana na mbele ya watu. Giza likiingia, kila mtu nyumbani kwake. Katika nchi yetu isiyo na usalama, hili ni neno la roho na la mwili pia.

Tatu: usafi. Mwaka 2022 na 2023 kipindupindu kilitutesa katika kambi. Maji ya kuongeza katika kasiksi yachemshwe, vyombo vioshwe, na kila mtu awe na mrija au kikombe chake. Desturi ya mrija mmoja kwa watu kumi iliwafaa babu zetu. Sisi tuliopitiwa na Ebola na mpoksi tuiache.

Nne: watoto wasipewe, wasitumwe kununua, na mama mwenye mimba asinywe kabisa.

Tano: kanyanga isiuzwe na Mkristu. Na shirika lisiishie kumfukuza anayeiuza. Limsaidie kupata biashara nyingine, kwa mkopo mdogo au kwa mashauri. Anayepika kasiksi kwa uaminifu na usafi aheshimiwe kama mkulima, kama fundi, kama muuza mkate.

Ninyi wazee wa mashirika, mna madaraka makubwa kuliko mnavyofikiri. Mkimwondoa mjane katika Meza ya Bwana kwa ajili ya chungu cha ndizi, mmefunga mlango ambao Kanisa halikuwapa ufunguo wake. Mambo ya Komunyo yana padri na yana maungamo. Tumieni ukali wenu mahali unapohitajika. Nendeni usiku nyuma ya soko, mnapopajua wote, mkawaulize wanaowauzia vijana chupa ndogo za plastiki kama wanaogopa Mungu. Huko hatujawaona bado. Mkienda, tutafuatana nanyi.